Bukavu hadi Goma: kumfuata mgonjwa mpaka nyumbani

Jumapili, Bukavu

Mizigo imefungwa. Ndoo za lita 20 zenye kifuniko na robine, yaani bomba dogo la kufungulia maji, katoni ya tembe za klorini, chupa tupu za lita moja na nusu, sabuni ya unga, na vitabu vya picha ambavyo kingo zake zimechakaa kwa kufunguliwa katika nyumba za Kadutu, hapa Bukavu. Mwaka huu wa 2023 kipindupindu kimeikaba Kivu ya Kaskazini, na reko wa kituo kimoja cha afya huko Karisimbi, Goma, wametuomba tufanye nao kazi juma zima. Kwa msomaji asiye wa Kongo: reko ni wale wahudumu wa kujitolea wa mtaani, akina mama na akina baba wanaochaguliwa na majirani zao. Mshahara hawana, na bila wao hakuna kampeni ya afya inayofika mlangoni kwa mtu.

Nasafiri na mzee mmoja wa Kadutu, Papa kama tunavyowaita wazee hapa, reko tangu ujana wake. Ana sauti ya chini. Akiingia nyumbani mwa watu huketi kwanza, huuliza hali ya watoto na ya shamba, na mambo ya ugonjwa huyagusa mwisho kabisa. Mimi ni muuguzi na mkufunzi, lakini katika kazi hii mwalimu ni yeye.

Tunachokwenda kufundisha kimetoka mbali. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwafuatilia watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa kipindupindu. Walikuta kwamba katika siku 7 baada ya mgonjwa kufikishwa hospitalini, hatari ya watu hao kuambukizwa inazidi mara 100 ile ya watu wengine. Wakaunda mpango unaoitwa CHoBI7: mhamasishaji anakaa kando ya kitanda cha mgonjwa, anawafundisha wanaomuuguza, anawapa vyombo, kisha anawafuata nyumbani ndani ya siku hizo hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Maambukizi yalipungua katika nyumba zilizofundishwa, na miezi mingi baadaye watu walikuwa bado wananawa mikono kwa sabuni. Bukavu sasa ina mpango wa ukoo huo, PICHA7, unaoendeshwa na watafiti wa Johns Hopkins pamoja na wa Université Catholique de Bukavu.

Tangu nisome habari hiyo ya siku 7 siwezi tena kuitazama kazi yetu kwa macho ya zamani. Miaka na miaka tumepeleka ujumbe kwa kila mtu, wakati wowote, kwa sauti kubwa. Ushahidi unatutaka twende kwa watu wachache, haraka, tukiwa na kitu mkononi.

Jumatatu, ziwani

Mashua ya haraka ilitoka asubuhi. Kulia kwetu kisiwa cha Idjwi, kushoto milima ya Kalehe, maji yametulia. Mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, aliyekaa mbele yetu aliitazama ndoo yetu kwa muda, akauliza: "Papa, hii munaiuza bei gani?"

"Haiuzwi, mama. Ni ya kunywea maji. Nyumbani kwako nani anachota?"

"Watoto. Kila mtu na kopo lake."

"Na mkono?"

Mama alinyamaza, akatazama vidole vyake, akasema mkono unaingia, ndiyo, mpaka huku kwa kifundo. Papa akafungua robine, akaifunga, akampa aishike mwenyewe. Hakutaja ugonjwa hata mara moja. Walizungumza juu ya mjukuu wa yule mama, jinsi anavyotoka kucheza na kuchovya mikono, na mama akakunja uso kwa kinyaa. Nilikumbuka utafiti wa kusini mwa India uliochapishwa mwaka 2014, ambapo kampeni ya kunawa mikono iliacha kabisa habari za vijidudu na maradhi, ikagusa kinyaa, heshima na mapenzi ya mzazi kwa mtoto. Kunawa kuliongezeka sana, na miezi sita baadaye kulikuwa bado juu. Papa hajausoma utafiti huo. Anaujua kwa njia yake, na mimi naona ni heshima kumwambia kwamba anachokifanya kina jina katika vitabu.

Tulipofika Goma, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika mawingu. Machukudu yalikuwa yanashuka na bidoni za njano, yaani madumu ya maji, sita, nane, kumi kwa mkokoteni mmoja wa mbao. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya Mei 2021 iliharibu mabomba, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Kuchimba choo hapa ni kupigana na jiwe. Wazee wa Goma hawasahau Julai 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda, wakanywa maji ya ziwa jinsi yalivyo, na mwamba ukakataa vyoo na hata makaburi. Watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Yeyote anayekuja kuhamasisha afya Goma anapaswa kuanza na jiwe hili na ziwa hili. Vipeperushi vingoje.

Jumanne, Kituku

Kabla jua halijatoka, ufuko wa Kituku umeshajaa. Mitumbwi inashusha makaa na ndizi, watoto wanaingia majini mpaka magotini kujaza bidoni, na pale pale, juu ya mawe, mama mmoja amesimama na sindano isiyo na ncha na dumu la dawa. Kila bidoni inayopita anaitia kipimo chake cha klorini. Hadai pesa. Hahutubii. "Tikisa, funga, ngoja nusu saa." Basi.

Nilikaa naye asubuhi nzima. Alinionyesha anavyopima: kila siku, kabla ya watu kuja, anajaza bidoni kadhaa, anaweka vipimo tofauti, anangoja dakika 30, kisha anatia kitembe cha kupimia na kutazama rangi ya waridi. Anatafuta kipimo ambacho kitabakiza nusu miligramu ya klorini kwa kila lita baada ya dakika hizo. Ziwa likichafuka kwa mvua, kipimo cha jana hakifai tena. Kazi hiyo inahitaji akili na uaminifu, na inafanywa na watu ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote.

Ushahidi uko upande wake. Magharibi mwa Kenya walijaribu kuwauzia watu klorini ya chupa wakaitie nyumbani, na wachache tu wakaitumia. Walipoiweka bure pale pale kwenye chanzo, mbele ya macho ya wote, matumizi yakapanda sana. Mtu akishabeba bidoni kichwani hana nafasi ya kukumbuka ushauri wa redio. Akikuta dawa njiani, anaipokea.

Mchana tulifuatana na baadhi ya bidoni hizo mpaka majumbani, kwa ruhusa ya wenyewe, tukapima tena. Nyumba nyingine rangi ilitoka vizuri. Nyumba nyingine maji yalibaki meupe kabisa, dawa imekwisha. Tulitafuta sababu pamoja na wenye nyumba. Bidoni yenye utando wa kijani ndani inakula klorini yote. Beseni lililo wazi linaipoteza, na kopo linalochovywa linaleta uchafu mpya. Kuna pia wanaopita mbali na yule mama kwa makusudi, kwa sababu wanasema dawa inaharibu chai. Hao anawajua kwa sura. Anawaambia: "Maji yakichemka harufu inatoka. Lakini mtoto wako hanywi chai peke yake. Anakunywa maji akitoka kucheza." Wawili walirudi, wakafungua vifuniko.

Jumatano, CTC

Katika kituo cha kutibu kipindupindu, ambacho kila mtu hapa anakiita CTC, unaingia kwa kukanyaga zulia la klorini na kunawa mikono. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini. Harufu ya dawa inachoma pua. Nataka niseme wazi kwamba ugonjwa huu, ukiwahiwa, unashindwa: wengi wanapona kwa maji ya chumvi na sukari ya kunywa peke yake, wachache wanahitaji maji ya mishipani, na kituo kikifanya kazi vizuri wanaokufa ni chini ya mmoja kati ya 100. Anayekufa, mara nyingi ni aliyechelewa.

Kando ya mtoto wa miaka minne alikaa mama yake, hajalala tangu usiku wa juzi. Papa alisalimu, akaomba ruhusa ya kuketi, akauliza jina la mtoto, akauliza amekunywa vikombe vingapi. Kisha akauliza kama mama mwenyewe amekula. Hajala. Papa alitoka, akarudi na chapati mbili na chupa ya maji yaliyotiwa dawa. Alimpa kwanza sabuni.

Nilipofungua kitabu cha picha, mama akaanza kusema kabla yangu, kama anayesoma katekisimu: kunawa mikono ukitoka chooni, kunawa kabla ya kula, kuchemsha maji, kufunika chakula, kutumia choo. Yote, kwa utaratibu, bila kukosea. Alikwisha kusikia redioni, kanisani, shuleni, na tangu wakati wa Ebola kila duka la Goma lilikuwa na ndoo ya kunawia mlangoni. Ebola iliingia mji huu Julai 2019. Ndoo hizo leo nyingi ni kavu.

Papa alifunga kitabu, akauliza: "Sasa mama, kule nyumbani, sabuni inakaa wapi?"

"Chumbani. Nikiiacha nje inaibiwa."

"Na choo?"

"Nyuma, kwa majirani. Tunatumia nyumba sita."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Kutoka chooni mpaka kwenye sabuni kuna uwanja, mlango, pazia na mtoto aliyelala. Hakuna anayeupita mwendo huo usiku. Papa alichukua chupa tupu, akatia vijiko vinne vya sabuni ya unga, akajaza maji, akatikisa, akatoboa kifuniko kwa msumari. Maji ya sabuni yakatoka kwa uzi mwembamba. Chupa hiyo mwizi haitaki. Inaweza kufungwa kwa kamba mlangoni pa choo, na pakiti moja ndogo inatosha siku nyingi. Mama aliishika, akaibonyeza, akanawa, akamnawisha mtoto. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Tukamwomba ruhusa ya kufika kwake kesho, kwa sababu nyumbani kuna baba, bibi na watoto wengine, na siku zao 7 zimeshaanza kuhesabika.

Alhamisi, Katoyi

Njia ya Katoyi ni ya mawe meusi makali, viatu vinalia. Vyoo vingi vimejengwa juu ya ardhi, unapanda ngazi, kwa sababu chini hakuchimbiki. Reko wa hapo, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alitupeleka kwanza kwa kiongozi wa nyumba kumi kutoa salamu, kisha kwa mwenye nyumba. Hatua hiyo hairukwi. Mgeni anayeingia uani bila kupitia kwa wenyewe anawaachia wenyeji mashaka, na mashaka yanabaki hata ndoo ikipokelewa.

Baba, msukuma chukudu, alikuwa ameacha kazi siku hiyo atungoje. Bibi alikuwa anachambua sombe. Tulikaa. Papa alimwomba baba aonyeshe maji ya kunywa yanakaa wapi, kisha akamwachia ndoo yenye robine aipange mwenyewe. Baba aliiweka juu ya kigoda, akaona mtoto mdogo hafikii, akaishusha, akatafuta jiwe bapa. Ilichukua muda, na hatukumsaidia. Alipomaliza, ilikuwa ndoo yake. Tembe moja ya miligramu 67 kwa lita 20 za maji safi, dakika 30, kifuniko. Bibi akarudia kwa sauti ili watoto wasikie.

Wakati tunafunga chupa ya sabuni kwenye mlango wa choo, likafika kundi la wapuliziaji dawa wa ofisi nyingine. Mabuti, miwani, mitungi mgongoni. Mtaa mzima ukatoka. Watoto walikimbia, jirani mmoja akafunga dirisha, na nikamsikia mwanamke akisema kwa nguvu: "Ni kwa hawa. Ni hapa." Uso wa yule baba ulibadilika. Vijana wale hawana kosa, wametumwa, na wanafanya kazi ngumu juani. Kosa ni la utaratibu unaoendelea ilhali wataalamu wa kipindupindu duniani wameshashauri uachwe. Kupulizia kuta na sakafu hakujaonyeshwa kuzuia ugonjwa huu. Kipindupindu kinapita kwenye maji, mikono na chakula, na juu ya sakafu iliyokauka hakidumu. Kinachodumu ni aibu. Nyumba inayopuliziwa mbele ya mtaa inafundisha majirani wote jambo moja: mtoto akiharisha, mfiche. Na anayefichwa ndiye anayefika CTC amechelewa.

Nilizungumza na kiongozi wao pembeni, kwa heshima. Tukakubaliana kwamba katika nyumba hii familia isafishe yenyewe. Akatengeneza mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.2 kwenye ndoo, akamwonyesha bibi na baba namna ya kufuta sakafu na kufua shuka za mtoto, akawaachia glavu. Kisha vijana wakavua miwani na kupita nyumba za jirani kwa mkono mtupu, wakisalimia na kugawa sabuni. Hatari haiishii kwenye ua mmoja: siku za kwanza, wanaoishi karibu na mgonjwa nao wako hatarini kuliko watu wa mbali. Yule mwanamke aliyepaza sauti alipokea tembe zake, akauliza kama yule mtoto anaendelea vizuri. Jioni alimpelekea bibi uji.

Ijumaa, Kanyaruchinya

Kambi ya waliokimbia vita vya Rutshuru. Mahema yanagusana, foleni ya bidoni inazunguka kilima. Kipimo cha kimataifa cha wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Yeyote aliyesimama katika foleni hii anajua tuko mbali na hapo. Mapema mwaka huu walichanjwa watu wa zone, yaani maeneo ya afya, za Nyiragongo na Karisimbi, dozi moja, kwa sababu tangu Oktoba 2022 uhaba wa chanjo duniani umelazimisha dozi moja badala ya mbili. Chanjo imesaidia, nayo itachoka.

Mama mmoja alituambia: "Muganga, kunawa tunajua. Mutuletee maji." Hatukumfundisha kitu. Tuliandika idadi ya mabomba yaliyokauka, tukaenda na reko wa kambi mpaka kwa wanaosimamia maji, tukakaa ofisini kwao mpaka wakatuma fundi. Kuhamasisha afya ni hilo pia. Tangazo la Ottawa la mwaka 1986, ambalo wakufunzi wa afya tunalinukuu sana darasani, linataja makazi, chakula na haki kama msingi wa afya.

Jumamosi, Karisimbi

Kikao katika ukumbi wa kanisa. Reko, muuguzi mkuu wa kituo, wawakilishi wa nyumba kumi. Kulikuwa na joto.

Jambo la kwanza lilitoka kwa reko wa Katoyi: "Munasema siku 7. Sisi jina la mgonjwa linatufikia wakati mwingine ameshapona na kurudi. Tutafanya nini na siku zilizokwisha?" Ukumbi ukapiga makofi. Ana haki kabisa. Mpango mzuri kuliko wote unakufa hapo, kati ya daftari la CTC na mlango wa nyumba. Tulibishana mpaka saa sita mchana, tukafikia hili: kila asubuhi mtu mmoja wa CTC atampigia simu muuguzi mkuu, atamtajia avenyi, yaani barabara, na nyumba kumi ya mgonjwa mpya, na muuguzi atampa reko mmoja tu. Jina la mgonjwa halitatangazwa wala kubandikwa ukutani. Reko atafika CTC siku hiyo hiyo, na nyumbani kesho yake.

Kisha pesa. Bajeti iliyobaki ilikuwa imepangiwa fulana na megafoni. Baadhi ya wazee walitaka fulana zibaki, kwa sababu reko asiye na alama hafunguliwi mlango, na hoja hiyo ina uzito. Papa alisimama, akasema yeye Kadutu anaingia kwa kitambulisho cha karatasi na kwa kujulikana. Mama mmoja akauliza kama majivu yanatosha pasipo sabuni. Nilimjibu kwamba ni bora kuliko mkono mtupu, lakini ushahidi wake ni dhaifu, na sabuni ya unga ya chupa moja ni rahisi kupatikana. Mwishowe waliamua wenyewe: vitambulisho vya karatasi vyenye muhuri, na pesa ya fulana iende kwenye ndoo za robine, tembe na sabuni. Nauli ya pikipiki kwa reko anayekwenda CTC haijapata mlipaji. Muuguzi mkuu ameahidi kuipeleka zone Jumatatu, na akina mama wamemwambia watamsindikiza.

Yule mtoto wa miaka minne ameruhusiwa leo. Hakuna mwingine nyumbani kwao aliyeugua hadi sasa, na siku zao hazijakwisha, kwa hiyo Papa anabaki Goma mpaka zikamilike. Tiketi yake ya mashua ya kesho amempa reko wa Katoyi, yule mama kijana, aende Kadutu na mwanawe akaone kazi inavyofanywa kule. Kitu kimoja kimebaki usiku huu: kumtafutia nguo ya baridi ya ziwani, hana.